Twiza ya Haj Bouazza

Jumatatu, 10 Novemba

Mizeituni imebeba mwaka huu, licha ya ukame, na mimi nimejipa daftari jipya kwa sababu la zamani Mama kalichana kuwashia tanuri. Anasema alidhani ni makaratasi ya ofisi. Nimemwambia hakukosea sana, humo nilikuwa nikiwasema watu wa ofisini tu.

Kazini imefika barua kutoka Rabat. Kamati ya Umoja wa Mataifa kule Geneva, ile inayosimamia mkataba wa haki za wafanyakazi wahamiaji, imeiuliza nchi yetu maswali, na kila mkoa unatakiwa kujibu kabla Januari haijaisha. Swali moja limenikaa rohoni: ni wageni wangapi wasio na kibali walioumia kazini katika mkoa wenu na wakapata haki yao?

Mkurugenzi wetu, Si Larbi, yaani Bwana Larbi, ni mtu mpole anayeiogopa hata simu yake mwenyewe. Akanisogezea barua kwa kidole kimoja.

"Andika kwamba juhudi zinaendelea, Lalla Rqia."

"Wameuliza namba, Si Larbi. Na namba yenyewe ni sifuri."

"Sifuri inaonekana vibaya."

"Ni mbaya kweli."

Akaomba tuiache kwanza mpaka mavuno yaishe. Nikamwambia mavuno yakiisha nitakuwa na namba nyingine. Miaka ishirini ya ukaguzi wa kazi imenipa haki ya kujidai kidogo. Nimefika nyumbani ndipo nikagundua nilichosema: namba ile haipandi mpaka mtu aumie. Astaghafirullah.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua hakuna. Mama anachuma mizeituni yetu minne peke yake, na nikimkataza ananitukana.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekagua shamba la Haj Bouazza, jirani yetu hapa Aït Saddour. Huyu bwana alikaa Uhispania miaka mingi kwenye mabanda ya nyanya, akarudi na kiuno kibovu na uwezo wa kununua shamba zuri kuliko yote ya bonde hili. Juu ya ngazi walikuwa vijana wa Guinea wakipiga matawi kwa fimbo ndefu, na chini wanawake wa milimani wakiokota kwenye neti.

"Karibu, binti wa Moh!" akapaza sauti. "Serikali imekuja kuonja mafuta?"

"Serikali imekuja kuona ngazi zako. Hii mbona imefungwa waya?"

"Waya wa Uhispania huo. Haukatiki."

"Na mtu akianguka ataangukia Uhispania?"

Vijana wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa juu kabisa ya mti, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu. "Shangazi," akaniita, "jalaba lako limefumuka begani. Mimi ni fundi cherehani. Njoo jioni nikushonee." Nikajishika bega, kweli joho limefumuka. Anaitwa Faya Tolno. Mchana anachuma zeituni, jioni anashona kwenye chumba walichopanga yeye na wenzake nyuma ya kinu cha zamani. Wote hawana vibali.

Nimempa Haj onyo la maandishi kuhusu ngazi. Amelikunja akaliweka mfukoni kwa heshima zote, na najua atafutia nalo mikono.

Jumatatu, 24 Novemba

Mawingu, basi. Faya kanishonea bega. Mshono siuoni hata nikiutafuta, na hakutaka malipo, kataka chai.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua! Imeanza alfajiri. Mama alitoka uani bila viatu akasimama huku kainua uso, ndevu zake tatu za kidevuni zikidondosha maji, na mimi sikumwambia aingie ndani. Kijiji kizima kinanuka udongo.

Mchana huo huo Faya Tolno akaanguka.

Ijumaa, 28 Novemba

Naandika kwa hasira, daftari litanisamehe mwandiko.

Mvua ilipoanza, watu wote wa bonde walishuka mitini, isipokuwa kwa Haj. Yeye aliogopa upepo usije ukaangusha zeituni matopeni. Ngazi ikateleza kwenye gome lililolowa, waya wa Uhispania ukakatika, na Faya akaangukia mkono wa kulia. Wenzake walimbeba hadi hospitali ya mkoa. Walimpokea bila kumuuliza kibali, na ndivyo mkataba unavyosema kuhusu matibabu ya dharura, kwa hiyo mpaka hapo sina neno. Lakini daktari kaniambia mifupa ya kifundo cha mkono imevunjika vipande. Plasta ya jana ni ya kushikilia tu. Inatakiwa kuwekwa chuma, halafu mazoezi ya miezi, na chuma kiwekwe ndani ya wiki tatu kabla mfupa haujajiunga upande. Chuma si dharura. Lazima awepo wa kukigharamia.

"Asipowekewa?"

"Ataishi. Ila mkasi hataushika tena."

Mtu akiumia kazini, mwajiri anatoa taarifa, bima inalipa. Hivyo nilikwenda kwa Haj nikiwa na fomu zangu na uhakika wangu. Nilimkuta anakunywa chai ya nanaa, miguu juu ya mto.

"Maskini, nimesikitika sana," akasema. "Lakini Lalla Rqia, yule hakuwa mfanyakazi wangu."

"Nilimwona kwa macho yangu juu ya mti wako!"

"Ile siku ulipokuja, ndiyo, walikuwa vibarua. Baadaye nikawaachisha. Jana niliona mvua inakuja, nikaita twiza. Vijana wakaja kunisaidia kwa hiari yao. Mimi niwakatalie wasaidizi?"

Twiza ni jambo letu sote hapa: mtu akizidiwa na kazi anaita watu, wanakuja na mikono yao, hawalipwi, na kesho yake naye anakwenda kwao. Kwenye twiza hakuna mwajiri wala mwajiriwa. Sheria ya kazi haina pa kumshika.

"Haj," nikamwambia, "huna haya?"

"Haya ninayo. Bima ndiyo sitaki kuisumbua." Akanimiminia chai. Sikuinywa, na hapa kwetu hilo ni kama kumpiga mtu kofi.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua. Nimempelekea Faya supu. Kalala, mkono juu ya mto.

Jumatatu, 1 Desemba

Si Larbi anataka niachane na habari hii. Nimemkumbusha kwamba nchi yetu haikulazimishwa na mtu. Tulitia saini, tukaridhia, na miaka mingi baadaye mkataba ukachapishwa kwenye gazeti rasmi. Ukishachapishwa, unakaa juu ya sheria zetu za ndani. Na unasema wazi kwamba mfanyakazi asipoteze haki za kazi yake eti kwa sababu hana kibali.

"Mkataba ni wa mabwana wa Geneva, Lalla Rqia. Sisi tuna Haj Bouazza."

"Mabwana wa Geneva hawana mkaguzi Aït Saddour. Wana mimi."

Akafumba macho. Lakini saini ya kuitisha kikao cha suluhu kaniwekea, na nakiri sikutegemea.

Jumanne, 2 Desemba

Nimegombana na Mama. Nilidhani atakuwa upande wangu.

"Unahangaika na mtoto wa watu wa mbali," akasema huku anapiga zeituni kwa jiwe, moja moja, za kutia chumvi. "Baba yako alichimba makaa ya Wafaransa mpaka mapafu yakawa makaa. Kakohoa kwenye chumba kile pale mpaka kafa. Kampuni ilisema ni sigara. Mtu hajawahi kuvuta sigara! Nani alimwitishia kikao?"

"Hakuna, Mama."

"Na hao Wafaransa wapo kwenye huo mkataba wako?"

"Hawajajiunga mpaka leo."

"Basi sisi ndio mabwege."

Nikaenda kuosha vyombo. Nimelia kidogo jikoni. Si kwa ajili ya Faya, ni kwa ajili ya kile kikohozi.

Jumatano, 3 Desemba

Faya hataki kikao. Chumba chao kinavuja, wameweka ndoo katikati, na cherehani imefunikwa nailoni kama mgonjwa wa pili.

"Shangazi, nikienda ofisi ya serikali, askari si wananisubiri mlangoni?"

"Ofisi ya kazi si kituo cha polisi. Kikao ni changu, na mlango ni wangu. Akija askari atanikuta mimi kizingitini."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Sijui aliona nini, maana mimi ni mfupi. "Hiyo karatasi yenu ya Geneva," akauliza, "na sisi Guinea tumo?"

"Mmo. Mlijiunga zamani."

Wenzake wakapiga makofi kwa utani. Mmoja akasema kumbe nchi yao inajua kusaini, alidhani inajua kukata umeme tu. Faya hakucheka. Alijaribu kukunja vidole vinavyochungulia kwenye plasta, vikakataa, akasema atakuja.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeshindwa.

Haj alikuja na jalaba jeupe na mashahidi wawili, msimamizi wake na mwenye trekta. Wote waliapa: siku ile ilikuwa twiza. Wanawake wa milimani niliowatafuta wamesema hawajui, hawakuona, wana watoto. Sikuwalaumu, maana bado msimu ni mrefu na mashamba ni ya watu walewale. Faya alieleza vizuri, kwa utulivu, lakini wenzake waliogopa kuingia wakabaki ng'ambo ya barabara. Neno la mmoja mbele ya maneno ya watatu. Mahakama ipo, nitampeleka, ila mahakama haitakaa ndani ya wiki tatu, na mfupa hausubiri tarehe.

Tulipotoka, Haj alisimama nami ngazini. Hakuwa na ushindi usoni, na hilo ndilo lililonichanganya.

"Unadhani mimi mnyama," akasema. "Mimi nilianguka kutoka juu ya banda la nyanya, kule. Sikuwa na karatasi. Bosi alinipakia kwenye gari la matikiti akanishusha kwenye lango la hospitali akaondoka bila kuzima injini. Kiuno hiki ndiyo zawadi. Hakuna mkataba ulionitafuta, binti wa Moh."

"Kwa hiyo na Faya ashushwe langoni?"

"Kwa hiyo dunia ndivyo ilivyo." Akashuka, mkono kiunoni. Nilimchukia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikajichukia kwa kumwonea huruma. Nimekuja nyumbani kwa miguu.

Ijumaa, 5 Desemba

Mama kaniuliza wakati wa kuskusi jinsi kikao kilivyokwenda. Nilimweleza bila hamu. Nilipofika kwenye twiza, kijiko chake kikasimama.

"Rudia."

"Anasema aliita twiza."

"Bouazza? Aliita twiza?" Sauti ilipanda. "Mimi nakaa ukuta kwa ukuta na shamba lake. Aliniita lini? Nani kapiga kigelegele? Kondoo kachinjwa wapi? Lalla Yamna, mke wake, alipika kuskusi ngapi, na nani kala naye sahani moja?"

"Vijana wanasema walipewa mkate na dagaa za kopo, wakala chini ya mti."

Mama akaweka kijiko chini. Nimeishi naye maisha yangu yote, na uso ule nimeuona mara chache. Baba alipokuwa mgonjwa hakuna mwaka mizeituni yetu ilibaki mtini. Jirani walikuja kwa twiza, na Mama alikopa kondoo kuliko awalishe mkate mkavu. Kumbe Haj, alipokuwa anatafuta mlango wa kukimbilia, kachagua ule ambao Mama amekaa kizingitini pake.

"Wageni sikuwajali sana, nakwambia ukweli," akasema. "Lakini hili analolifanya ni la kwetu. Twiza haiwi tundu la kujifichia."

Akainuka, akachukua ndoo, sabuni nyeusi na kitambaa chake cha kusugulia. Anakwenda hamamu. Siku ya Ijumaa hamamu ya akina mama inajaa mpaka mlangoni.

Mimi ni mtumishi wa serikali, sienezi maneno ya watu. Nina mama kwa kazi hiyo.

Jumapili, 7 Desemba

Kijiji kimewaka. Tangu jana wanawake wanapita kwa Lalla Yamna, mke wa Haj, mmoja mmoja, kila mmoja na malalamiko yake.

"Lalla Yamna, tumekukosea nini? Mnaita twiza hamtuiti?"

"Mume wangu alikuja kwenu mwaka juzi kuwachimbia mfereji. Leo mmewaita Waguinea mkatuacha sisi?"

"Nasikia kuna aliyeumia kwenye twiza yenu. Mbona hatukuona sahani ikienda kwake?"

Hili la mwisho ndilo lililomchoma. Hapa kwetu aliyeumia kwenye twiza ni mgonjwa wa mwenye shamba. Sahani inakwenda kwake kila jioni mpaka asimame, na kijiji kinafanya kazi zake zote. Lalla Yamna hakuwa na habari yoyote. Ni mtu wa watu, mpishi wa harusi zetu zote, na siku mbili hizi anafungua mlango akilia. Mama anasema ndani ya nyumba ile kulisikika kelele ambazo hazijasikika tangu Haj alipotaka kununua ngamia.

Jumatatu, 8 Desemba

Hata vijana wameelewa mchezo. Asubuhi walikwenda tisa kwa Haj, wamevaa safi, wakampa mkono kwa heshima.

"Mzee, sisi tulikuja kwako twiza," mmoja wao akasema. "Sasa paa letu linavuja. Kesho zamu yako."

Haj akafunga mlango. Wakakaa barazani, wakingoja chai, kama wageni wowote wa heshima. Lalla Yamna akawapa chai.

Jumanne, 9 Desemba

Lalla Yamna kamfunga Haj mdomo. Leo kaenda mwenyewe nyuma ya kinu, na sinia la kuku na limau, akakuta ndoo inayovuja na kijana anajilisha kwa mkono wa kushoto. Amemwambia Faya aondoke humo. Amelazwa katika chumba cha wageni cha Haj, juu ya godoro la sufu, ukutani picha ya Makka.

"Mume wangu anasema ulikuja twiza," alimwambia mbele ya watu. "Mimi siwezi kumkanusha mume wangu. Basi wewe ni mgonjwa wetu."

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Lakini chuma bado, na wiki ya pili inaisha. Sahani za kuskusi haziungi mfupa.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua. Nimekwenda kumwona daktari tena. Anasema hadi tarehe kumi na nane, si zaidi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimepita kwa Haj. Nilikuta jambo ambalo sikulitegemea: yeye na Faya wanacheza karata, Haj akimshikia zake zilizokuwa zinaanguka, na wala hachungulii. Kiuno kilikuwa kimemuuma, kalala kwa ubavu. Faya alikuwa anamwonyesha jinsi ya kukaza mkanda wa kitambaa, na ameukata na kuupinda kwa mkono mmoja na meno.

"Huyu mtoto," Haj akaniambia, bila kuniangalia, "akigeuka kitandani anaguna. Ukuta wetu mwembamba. Naijua ile sauti."

"Najua unaijua."

"Nikikubali, utanipiga faini ya kuajiri wasio na kibali?"

Hapo ningeweza kuinama kidogo. Neno moja tu la kumtuliza, na chuma kingewekwa kesho. Nilimtazama Faya, naye alikuwa anazitazama karata.

"Nitakupiga, Haj. Lile ni jambo la pili, na nitaliandika. Lakini haliondoi la kwanza. Mkataba hauniruhusu kumuuza huyu ili wewe upone, wala kukuficha wewe ili yeye apone."

Akanifukuza. Kwa adabu, lakini kanifukuza. Sasa nimekaa hapa najiuliza kama ukaidi wangu umemgharimu mtu mkono.

Jumapili, 14 Desemba

Hakuna neno. Mama anasema nitulie. Nani katulia?

Jumatatu, 15 Desemba

Nimefungua ofisi asubuhi nikamkuta Haj Bouazza kwenye benchi, jalaba lake la shamba, matope mpaka magotini. Si Larbi alikuwa amechungulia dirishani akarudi ndani.

"Andika," Haj akasema kabla sijakaa.

"Niandike nini?"

"Haikuwa twiza. Alikuwa kibarua wangu. Wote ni vibarua wangu. Ngazi ilikuwa mbovu na uliniambia. Andika na faini, andika vyote, nisije nikarudi tena hapa, benchi lenu linaua kiuno."

Nikaandika. Nilipomgeuzia karatasi atie saini, kalamu ilisita.

"Kule Uhispania," akasema, "nililala pale langoni nikajiambia: bosi akirudi, hata akiwa amechelewa, akirudi tu nitamsamehe. Hakurudi." Akatia saini. "Jana Faya alimwambia mke wangu kwamba hanidai kitu, nimemtendea wema. Wema! Sikuweza kumeza chakula."

Nilimmiminia chai. Akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasubiri nimimine na yangu, na tukanywa wote wawili.

Jumatano, 17 Desemba

Bima imegoma kwanza kwa sababu ya kibali. Nimewasomea kifungu kwenye simu, polepole, mara mbili, halafu nikawatajia gazeti rasmi kilimochapishwa. Msichana wa upande wa pili akaomba nisubiri. Nikasubiri mpaka sikio likawa moto. Wamekubali.

Alhamisi, 18 Desemba

Chuma kimewekwa. Haj na mimi tulikaa korido moja, yeye kasimama muda wote.

Jumanne, 30 Desemba

Mavuno karibu yanaisha. Haj kanunua ngazi mpya, kaziweka barabarani ili nizione nikipita. Nimejifanya sizioni.

Jumamosi, 10 Januari

Leo imekuwa twiza ya kweli. Vijana waliita watu kwenye paa lao, kwa kuwa kisheria wanadai siku, hivyo walivyosema, ingawa kisheria hawadai tena kitu. Kijiji kimekwenda. Lalla Yamna na Mama walipika kwenye masufuria ya harusi. Haj hawezi kupanda, kwa hiyo alikaa chini akichanganya udongo na makapi, akigombeza kila mtu kuhusu ngazi. "Shika chini! Wewe, shika chini! Hamna akili?" Faya alikuwa kapanga mikono miwili mezani kwa mazoezi yake, anakunja vidole na kuvikunjua. Kidole gumba bado kigumu.

Mama alikaa pembeni yangu na sahani yake.

"Nimefikiri," akasema. "Hizo nchi zako zinazosaini. Nazo zinafanya twiza, sivyo? Leo tunamshika mtoto wa huyu, kesho yule anamshika wetu."

"Ndivyo hasa, Mama."

"Na Wafaransa?"

"Bado."

"Wanakula tu kuskusi ya watu," akasema, akaongeza nyama kwenye sahani ya kijana aliyekaa karibu.

Jumatatu, 26 Januari

Nimeandika majibu ya Geneva. Si Larbi kasoma, kasafisha miwani, kasoma tena.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Mkoa mzima, Lalla Rqia. Tuandike 'kadhaa'. 'Kadhaa' si uongo sana."

"Mmoja, Si Larbi. Mwakani watuulize tena, na tuone haya kama bado ni mmoja."

Akatia saini kwa mkono ule ule wa uoga, na leo nimempenda.

Nyumbani nilimwonyesha Mama nakala. Hajui kusoma, ila namba anazijua. Aliiwekea kidole akakikalisha pale muda mrefu.

"Baba yako yumo humu?"

"Hapana, Mama. Wameuliza waliopata haki yao tu. Ambao hawakupata, hawakuwaulizia."

Akatikisa kichwa taratibu. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na kwenye kamba ya uani lilining'inia jalaba jipya la sufu alilotumiwa na Faya jana, kazi ya kwanza ya mkono wenye chuma, mshono mmoja begani umekwenda upande. Mama amekataa lirekebishwe. Aliinuka kwenda kulianua, na mlangoni akageuka.

"Basi iandike upya," akasema. "Hiyo mmoja. Iandike kubwa."